Ukipata kipanga au bundi ameumia huku Nakuru, fanya hivi

Kuanzia Naivasha, Gilgil mpaka Nakuru mjini ndege hawa wanaumia sana, wengine wanapigwa na stima, wengine wanagongwa na magari usiku, wengine wamekula panya wa sumu. Sasa ukimkuta chini hawezi kuruka, usiogope mdomo, ogopa kucha.

Mrushie jaketi ama leso imfunike hadi kichwa, asipoona anatulia, ndio maana wanaofuga vipanga wa kuwindia huwavalisha kikofia cha ngozi. Shika miguu yote miwili pamoja, mabawa yabane mwilini, mtie kwenye katoni yenye matundu umetandika taulo kuukuu. Sio keji ya kuku jamani! Waya inavunja manyoya, na mfupa unaweza kuunga kwa wiki chache lakini unyoya uliokatika hauungi, unangoja mpaka ndege abadilishe manyoya na hiyo inaweza kula mwaka ama zaidi. Mafundi wa vipanga wana ujanja wao, wanachukua unyoya mwingine wa ndege wa aina hiyo hiyo wanauchomeka kwenye kile kishina na kijiti chembamba na gundi, anaruka kama kawa, lakini si kazi yako hiyo.

Maji usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Ugali, mkate, maziwa, hapana. Weka katoni mahali pa giza na kimya, selfi baadaye. Na bundi si mkosi, huyo ndiye askari wa panya shambani.

Akiwa amekunja kucha na anatetemeka shuku sumu, vaa glavu, na kama kuna mzoga karibu ufunike mbwa na tai wasiule.

Kinda mwenye manyoya tayari na hana jeraha, mpandishe kwenye tawi uondoke, wazazi wanamlisha.

Pigia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, siku hiyo hiyo, ama nenda ofisi yao pale geti kubwa la Lake Nakuru. Kenya Bird of Prey Trust, shirika la kutunza ndege kama hawa, wana vituo vya matibabu Naivasha na Soysambu. Kumfuga bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, halafu pia hutaweza, maana kabla ya kuachiliwa lazima afanyishwe mazoezi kama kipanga wa kuwindia, anafungwa kamba ndefu mguuni anarushwa kidogo kidogo hadi kifua kipate nguvu.

Ukimkabidhi wape pia lokesheni ya pale ulimtoa, wengi wana eneo lao na mwenzao, inafaa warudishwe hapo hapo.