Kufunga pete za kuning'inia kwenye ufito wa mwanzi

Fito nyingi za kuvulia trauti zilizotengenezwa Uingereza na Marekani katika karne ya 19 hazikuwa na vipitisho vya waya uliopinda kama vya leo. Mshipi ulipita kwenye pete ndogo zinazoning'inia, kila pete ikishikwa na kishikizo: kipande chembamba cha madini kilichotuna katikati, miguu yake miwili ikifungwa kwa uzi wa hariri. Waya hurusha mshipi mbali zaidi, hilo sibishani nalo. Lakini ukikarabati ufito wa enzi hiyo, rudisha pete. Naandika haya baada ya kumsaidia rafiki aliyezifunga zote vizuri, kisha zikagandishwa na vanishi.

Hatua ya 1: Mahali. Usikwangue kitu kabla ya kupima. Uzi wa zamani huacha alama kwenye mwanzi, na alama hizo ndizo ramani yako. Unganisha vipande vyote vya ufito kwanza, uhakikishe pete zote zitakaa upande mmoja kati ya pande 6 za ufito.

Hatua ya 2: Tupa, yaani kifaa cha kunolea. Noa miguu ya kishikizo kwa juu tu, hadi ncha iwe nyembamba kama karatasi. Kisha geuza, pitisha msasa laini chini yake. Ukali wowote uliobaki huko hukata nyuzi za nje za mwanzi, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba nguvu nyingi ya ufito. Ukija kuvunjika, utavunjikia hapo.

Hatua ya 3: Uzi. Hariri, tena nyembamba kabisa. Naironi siitaki kwenye ufito wa mwanzi. Anzia kwenye mwanzi, milimita chache kabla ya ncha ya mguu, kisha panda juu ya mguu kuelekea kwenye tuta, yaani ule uvimbe wa katikati ya kishikizo unaoshika pete. Malizia kwa kuivuta ncha ya uzi chini ya mizunguko kwa kitanzi cha uzi, kisha sugua mizunguko kwa kitu laini hadi nafasi zizibe.

Hatua ya 4: Vanishi. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Vanishi hufuata uzi, hupanda mguu, na ikifika kwenye tuta huingia ndani na kuigandisha pete. Pete isiyocheza haina maana, na ukiilazimisha baada ya kukauka, kishikizo hunyanyuka na kuukata uzi.

Kwa hiyo kabla ya kupaka, pitisha ndani ya tuta, sambamba na pete, uzi wa pamba uliopakwa nta. Usipake mafuta, yakigusa hariri, vanishi haishiki tena. Punguza uzito wa vanishi ya mkono (mpako) wa kwanza kwa tapentaini ili inywewe na hariri, na brashi iwe karibu kavu. Ishia milimita moja kabla ya tuta. Vanishi itafika yenyewe. Laza ufito, uugeuze kila baada ya dakika chache, na kila ukigeuza, chezesha kila pete kwa ncha ya sindano. Endelea hadi vanishi iache kunata, hata kama ni usiku. Uzi wa nta uvute wakati vanishi bado laini; ikikauka utang'oa vipande. Rudia utaratibu wote kwa kila mkono wa vanishi, maana wa tatu ndio mzito na ndio hugandisha.

Hariri ikilowa vanishi hupoteza rangi na karibu kuonyesha mwanzi. Ukitaka nyekundu ibaki nyekundu, paka kwanza kihifadhi rangi. Mimi huiacha ionyeshe.

Gundi nzito ya mchanganyiko wa chupa mbili usiiguse kabisa. Huongeza uzito kwenye ncha, na atakayekarabati baada yako atalazimika kuikwangua pamoja na mwanzi.

Hatua ya 5: Mshipi. Kunja ncha ya mshipi mara moja iwe kitanzi, na upitishe kitanzi hicho, si ncha tupu. Pete hulala bapa juu ya ufito, na kitanzi huinyanyua kirahisi. Mshipi ukikuponyoka, kitanzi kitafunguka na kunasa kwenye pete iliyotangulia, na hutalazimika kuanza upya.