Kabla ya kulipa gari, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho

Magari mengi yanayoingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, yamekwisha kutumika ng'ambo, na viti vinavyong'aa havisemi yaliyoyapata huko. Vuta mkanda wa kila kiti taratibu mpaka ukome, mwenzako aushike usirudi, kisha kagua kile kipande ambacho siku zote hulala kimejikunja ndani ya nguzo ya gari. Waosha magari husugua viti na zulia, pale hawafiki. Ukiona mstari wa tope, madoa ya ukungu, au ukinusa uvundo, huenda gari lilizama majini. Liache hata kama bei ni tamu, maana kutu hula viunganishi vya nyaya polepole na umeme utaanza kukusumbua baada ya miezi.

Tazama pia lebo ya kitambaa iliyoshonwa chini ya mkanda. Mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda uliotangulia gari kwa miezi michache si tatizo. Ukiwa mpya kuliko gari, ulibadilishwa, na mara nyingi sababu ni ajali: katika magari mengi, gari likigonga, kifaa chenye baruti kidogo huikaza mikanda ya mbele mara moja tu, haitumiki tena.

Njia hii hushindwa lebo ikifutika, mikanda yote ikibadilishwa, au maji yakiishia sakafuni. Hapo inua zulia, angalia bolti za viti: kutu nzito kwenye gari ambalo juu ni safi haiji bure.