Milo sita midogo kwa mgonjwa asiye na hamu ya kula: namna ya kuipanga na kuipika nyumbani

Mtu aliyeugua kwa muda mrefu, awe ametoka wodini baada ya upasuaji, awe anameza dawa za kifua kikuu au awe ni mzee ambaye hamu ya chakula imempungua kwa umri, hushiba upesi sana. Akipakuliwa sahani ya wali kama ya watu wengine hula vijiko vichache, huisogeza kando, na kinachofuata ni mabishano na familia inayomsihi amalize. Ni afadhali kuacha kumsihi na kuigawa siku yake katika milo sita midogo ambayo tumbo lake linaweza kuipokea. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, na umetokana na maswali ambayo familia ninazozielekeza huyauliza mara kwa mara.

Kuna wagonjwa wanne ambao hawapaswi kuanzishiwa utaratibu huu bila kauli ya daktari au afisa lishe: mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo, aliyepata kiharusi na anayepaliwa anapomeza, na mtu aliyekaa siku kadhaa karibu bila kula chochote, kwa kuwa mwili wa huyu wa mwisho unaweza kudhurika vibaya ukilishwa kwa wingi ghafla. Vilevile, anayetafuta kupunguza unene hatapata msaada hapa. Inasemwa sana kwamba kula mara nyingi huufanya mwili uunguze mafuta zaidi, lakini nguvu ambayo mwili hutumia kukisaga chakula hufuata jumla ya kilicholiwa, si idadi ya milo.

Hatua ya kwanza: kikombe kimoja, mzani mmoja, daftari moja

Chagua kikombe kimoja cha mililita 250 na ukifanye kuwa kipimo cha kila kitu. Mimi hupendelea cha bati, kwa sababu hakivunjiki na hakuna anayekichukua kwa ajili ya wageni. Mpime mgonjwa uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mzani uleule. Andika katika daftari alichokula kwa sehemu za kikombe: robo, nusu, chote. Programu za simu za kuhesabu chakula sizipendekezi, kwa sababu nyingi hazijui uji wa ulezi wala mchicha wa nazi, na anayemhudumia mgonjwa ana kazi nyingine za kufanya.

Hatua ya pili: panga saa kwa kuanzia na dawa

Familia nyingi hupanga milo kwanza na kutafuta nafasi ya dawa baadaye, ndipo zinapogundua kwamba katika siku yenye milo sita hakuna tena wakati ambapo tumbo ni tupu. Anza na dawa. Rifampisini, iliyomo katika vidonge vya mchanganyiko vya kifua kikuu, hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Basi imezwe mgonjwa anapoamka. Ikimtia kichefuchefu kikali, waulize kliniki kama anaweza kuimeza pamoja na chakula chepesi, badala ya kujiamulia mwenyewe. Vidonge vya kuongeza damu visimezwe pamoja na chai wala maziwa, kwani vyote viwili hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma.

Baada ya hapo ratiba hujipanga yenyewe. Dawa saa 12 asubuhi. Uji saa 1. Yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu saa 4. Chakula cha familia saa 7 mchana, kwa kiasi cha nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Mtindi au parachichi saa 10 alasiri. Chakula cha usiku saa 1. Na maziwa ya moto au uji tena saa 3 usiku, kabla ya kulala. Katika mwezi wa Ramadhani wazee wengi hutaka kufunga ilhali hali zao haziruhusu, na kwa uzoefu wangu neno la imamu wa msikiti wao kuhusu ruhusa ya mgonjwa huwa na uzito kuliko la muuguzi.

Hatua ya tatu: hesabu kilichomo ndani ya kikombe

Hapa ndipo utaratibu wote hufaulu au huanguka. Kumpa mgonjwa chakula mara sita hakuna faida ikiwa kila mara anapewa maji yenye rangi ya chakula. Chukua kikombe cha uji mwepesi wa kawaida, uliopikwa kwa kijiko kimoja na nusu cha chakula cha unga: kina kilokalori 50 hivi (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula). Vikombe sita vya uji huo ni kilokalori 300, wakati mtu mzima mwenye mwili mdogo anahitaji 1,500 hivi au zaidi kwa siku. Chai ya rangi yenye vijiko viwili vidogo vya sukari ina kilokalori 30 tu, na supu iliyochujwa haina mengi zaidi ya chumvi na harufu nzuri. Mgonjwa huyu atajaa tumbo siku nzima, familia itaridhika kwamba anakula, na uzito utaendelea kushuka.

Kikombe hichohicho kikipikwa kwa vijiko vitano vya unga, nusu ya maji ikibadilishwa kwa maziwa yasiyotolewa mafuta, na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia kikiongezwa mwishoni, hufikia kati ya kilokalori 250 na 300. Tumbo linapokea ujazo uleule, lakini nguvu imeongezeka zaidi ya mara tano. Tatizo ni kwamba unga mwingi kiasi hicho hauwi uji tena. Huwa ugali laini ambao mgonjwa dhaifu hawezi kuunywa, na kuongeza maji kunakurudisha ulikotoka. Dawa ya tatizo hilo ni kimea.

Hatua ya nne: kutengeneza kimea na kukitumia

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapoota hutoa vimeng'enya vinavyokatakata wanga, kwa hiyo kijiko kidogo cha unga wake kikikorogwa ndani ya uji mzito huulainisha kwa dakika chache bila tone la maji. Si jambo geni: wapikaji wa mbege, pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, hutumia kimea cha ulezi, na wataalamu wa lishe nchini Tanzania walikifanyia utafiti katika miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto.

Tumia ulezi. Mtama nao huota vizuri, lakini machipukizi na vijimizizi vyake hubeba kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu, na usipoviondoa vyote kwa uangalifu unamlisha mgonjwa kitu cha hatari. Ipo njia ya kuviondoa, ila sioni sababu ya kuifuata wakati ulezi unapatikana sokoni. Mahindi huota polepole na kimea chake hakina nguvu sana.

Chagua ulezi wa msimu wa karibuni, usiotiwa dawa ya kuhifadhi mbegu, kwani ulezi wa zamani hukaa ndani ya maji bila kuota. Upepete, uoshe mara tatu au nne, kisha uloweke kwa usiku mmoja hadi saa 24 huku ukibadilisha maji. Uchuje, uutandaze kwenye ungo uliofunikwa kwa kitambaa safi kilicholowa, kwa unene usiozidi kidole kimoja, na uufunike kwa kitambaa kingine chenye unyevu. Weka ndani ya nyumba, mahali pasipo na jua. Nyunyizia maji asubuhi na jioni na uugeuze kwa mkono uliooshwa. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa siku mbili zinatosha. Katika sehemu za baridi kama Njombe au Limuru inaweza kuchukua siku tatu hadi nne. Machipukizi yakikaribia urefu wa sentimita moja, acha.

Yapo mambo matatu yanayoharibu kazi katika hatua hii. La kwanza ni kutandaza ulezi kwa unene mkubwa: katikati hupata joto, hunuka uchachu na kuota ukungu. Ukiona ukungu wa rangi yoyote, tupa wote, hata kama ni sehemu ndogo tu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Mwaka 2004 sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua tena katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyohiyo sinunui kimea kilichosagwa tayari, kwani hakuna namna ya kujua kilianikwa juu ya mkeka au juu ya ardhi. La pili ni ukaushaji. Anika juani hadi punje zikatike kwa kelele zikitafunwa. Usizikaange wala kuziweka karibu na moto, kwa kuwa joto kali huviua vimeng'enya na utabaki na unga wa kawaida. Zikishakauka, zisugue kati ya viganja ili vijimizizi vitoke, pepeta, kisha saga. Mashine ya mtaani husaga kiasi kidogo kwa shida na huchanganya na mabaki ya mahindi ya mteja aliyetangulia, kwa hiyo napendelea blenda yenye kikombe kidogo cha kusagia viungo, au kinu na chekecheo. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko na utumie ndani ya wiki chache.

La tatu, ambalo ndilo huwafanya watu waseme kimea hakifanyi kazi, ni wakati wa kukitia. Kikitiwa ndani ya uji unaotokota, vimeng'enya hufa papo hapo. Kikitiwa ndani ya uji uliopoa, hufanya kazi polepole mno. Pika uji mzito hadi uive kabisa, uondoe motoni, ukoroge kwa dakika tano hadi kumi mpaka mvuke mkali upungue, kisha tia kijiko kimoja cha kimea kwa kila vijiko kumi vya unga uliotumia. Koroga. Utauona ukilegea chini ya mwiko. Ukishafikia wepesi unaotaka, urudishe motoni na uuache utokote kwa dakika tano. Usiiruke sehemu hii ya mwisho: kimea kilikaa siku kadhaa katika unyevu na kina vijidudu, na kuchemsha upya ndiko kunakoviua. Mafuta na sukari kidogo vitiwe baada ya hapo.

Unga wa lishe wenye nafaka na kunde za kila aina siupendekezi. Karanga zilizosagwa ndani yake huchacha upesi, soya huhitaji kupikwa kwa muda mrefu kuliko mahindi, na kitu kimoja kikiharibika humaanisha kutupa vyote. Unga wa nafaka moja uwe peke yake. Karanga, maziwa na yai viongezwe jikoni.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Pika mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Uji unaweza kukaa kwenye chupa ya chai ikiwa umesuuza chupa kwa maji yanayochemka na kuumimina ukiwa bado unatokota, nao unywewe ndani ya saa nne hivi. Nunua chupa yenye mdomo mpana, kwa sababu yenye mdomo mwembamba haioshiki.

Hatua ya sita: kumlisha

Mgonjwa aketi wima wakati wa kula na kwa nusu saa baada yake. Maji na chai avinywe baada ya mlo au katikati ya milo. Asukutue kinywa kila anapomaliza, kwa kuwa meno yake sasa yanakutana na wanga mara sita kwa siku.

Hatua ya saba: kujua lini ubadilishe

Uzito ukiendelea kushuka licha ya yote haya, kwa mfano mtu wa kilo 60 akipoteza kilo tatu ndani ya mwezi mmoja, au akianza kutapika kila anapokula au kupaliwa, mrudishe hospitalini na uende na lile daftari. Akianza kuomba chakula kabla ya saa yake, usiongeze mlo wa saba. Ongeza kwanza kiasi cha mlo wa saa 7 mchana, kwa robo kikombe kila baada ya siku chache, kisha cha usiku. Milo hiyo miwili ikifikia sahani ya kawaida, ondoa mlo wa saa 4 asubuhi, na baadaye ule wa saa 10. Mlo wa saa 3 usiku uwe wa mwisho kuondolewa, kwa kuwa ndio unaofupisha muda mrefu kuliko wote ambao mwili wake hukaa bila chakula.