Programu za sayansi za likizo kwa vijana wa sekondari: mwongozo kutoka Kigoma

Wazazi huniletea matangazo kwenye simu. Kambi ya roboti Marekani, kozi ya kompyuta Uingereza, "nafasi chache zimebaki". Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika sekondari moja ya kata hapa Kigoma Ujiji, na huwa nawaambia kitu kimoja: kabla ya kuuliza bei, uliza tarehe.

Programu nyingi za aina hii hufanyika Juni hadi Agosti, kwa sababu huko kwao shule zimefungwa. Kwetu Juni ni likizo ya wiki chache tu. Julai mtoto wa kidato cha tatu yuko darasani, na wa kidato cha tano ndiyo kwanza anaripoti shuleni akiwa na tranka kichwani. Aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei naye huenda akaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Anayebaki na nafasi ya kweli ni yule aliyemaliza kidato cha nne. Mtihani wake huisha Novemba, kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati pana zaidi ya miezi sita, na vijana wetu wengi huipitisha kwenye bodaboda, dukani kwa mjomba au mwaloni. Kazi hizo zinalisha nyumba, sizidharau hata kidogo. Lakini mwenye kazi anaweza bado kupata asubuhi mbili kwa wiki, na asubuhi mbili kwa wiki kwa nusu mwaka ni shule kamili.

Anza na vya bure, na anza na vilivyo ndani ya nchi. Young Scientists Tanzania hufanya maonesho ya miradi ya wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam tangu 2012, kwa mfano wa maonesho ya Ireland yaliyoanza 1965. Wanafunzi huja na swali lao, hulifanyia utafiti chini ya mwalimu, kisha husimama mbele ya majaji na kulieleza. Karimjee Jivanjee Foundation imekuwa ikiwalipia washindi masomo ya chuo kikuu. Sijaona mlango mwingine ulio wazi namna hii kwa mtoto wa shule ya kata, na inaniuma kila ninapokutana na mwalimu wa sayansi ambaye hajawahi kuusikia. Mwombe mkuu wa shule aandike kuulizia utaratibu wa mwaka huu, na aulize mapema nani analipa nauli. Kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na safari hiyo haipangwi wiki ya mwisho.

Kwa wasichana kuna Technovation Girls, ya umri wa miaka 8 hadi 18, bila ada. Timu hutafuta tatizo la mtaani kwao na kutengeneza programu ya simu ya kulitatua. Hapa nchini Apps and Girls, iliyoanzishwa 2013 na Carolyne Ekyarisiima, imewafundisha wasichana wengi kazi hii hii.

Kwa aliye nyumbani na ana kompyuta ya kuazima, chukua CS50, kozi ya mtandaoni ya msingi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Masomo yote ni bure, na ukimaliza kazi zote unapata cheti cha bure kutoka kwa CS50 wenyewe. Kile cha kulipia kinapitia edX, tovuti ya kozi za mtandaoni, na kwa maombi ya shule sioni sababu ya kukinunua. Kozi ni ngumu, mwambie mtoto hivyo tangu mwanzo ili asikate tamaa wiki ya pili. Kwa wadogo, Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu za kompyuta, inatosha: ukishaipakua na kuiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa nyumba inayohesabu bando.

Sasa nije kwenye kitu ninachokijali kuliko vyote, yaani mradi. Programu yoyote nzuri, ya bure au ya kulipia, itamuuliza mtoto amefanya nini. Haitaridhika na "napenda sayansi". Na hapa Kigoma tuna bahati ambayo hatuioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Chuo Kikuu cha Arizona kilikuwa kikileta wanafunzi wa vyuo kutoka Marekani, pamoja na wenzao wa Afrika, kuja kusoma ziwa letu la Tanganyika wakati wa likizo zao. Mpango huo uliitwa Nyanza Project, na kazi zao zilifanyika pamoja na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa hapa mjini. Walipanda ndege kulifuata ziwa ambalo mtoto wa Kibirizi analiona akifungua dirisha: lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na lina samaki wengi wasiopatikana kwingine popote.

Mradi wa kwanza ninaowapa wanafunzi ni wa dagaa. Chukua dagaa wabichi gramu 500, waanike juu ya mchanga. Chukua wengine gramu 500, waanike juu ya kichanja chenye wavu. Pima uzito kila saa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni kwa mzani wa jikoni, andika kama kuna mawingu au upepo, kisha chora grafu mbili kwenye karatasi moja. Rudia siku nyingine, maana siku moja haithibitishi kitu. Mwisho waoshe dagaa wa mchangani, acha maji yatulie, kausha mchanga uliobaki chini na uupime. Hapo kuna fizikia ya uvukizaji, kuna afya ya mlaji, kuna bei ya sokoni. Mama anayeuza dagaa atakuwa msikilizaji wa kwanza na atauliza maswali makali kuliko ya jaji.

Wa pili ni wa uangavu wa maji. Kata sahani ya bati yenye kipenyo cha sentimita 20, igawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ning'iniza kwenye kamba yenye alama kila nusu mita na ufunge jiwe chini. Ishushe majini hadi isionekane, soma kamba. Asili yake ni sahani ya mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, ya 1865, na watafiti wa maziwa wanakitumia hadi leo. Pima karibu na mdomo wa mto na mbali nao, kabla ya mvua na baada ya mvua. Mtumbwini aingie na mtu mzima, na jaketi la kuokolea livaliwe. Hili sina mjadala nalo.

Kama shule yako ina klabu ya mazingira ya Roots & Shoots, mtoto aingie huko. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliianzisha Dar es Salaam 1991 na wanafunzi 12, na yeye mwenyewe alipofika Gombe 1960, akiwa na miaka 26, hakuwa na shahada. Alikuwa na daftari, darubini na subira. Wanafunzi wangu wakisikia hilo hukaa wima.

Mtoto akishakuwa na mradi, ndipo mtazame nje. Soma sharti la uraia kabla ya kuandika sentensi moja ya insha. MITES ya MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kwa mfano, ni bure kabisa na inasifiwa kila mahali, ila ni kwa wanafunzi wa Marekani. Usipoteze mafuta ya taa kwa hiyo. Yale Young African Scholars, ya Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, imetengenezwa kwa Waafrika wa sekondari wenye miaka 14 hadi 18, haina ada, na kuna msaada kidogo wa nauli kwa wenye uhitaji. Hufundisha zaidi uongozi na namna ya kuomba vyuo kuliko maabara, lakini kwa kijana anayelenga sayansi nje ya nchi ni hatua nzuri.

Ya kulipia ninayoweza kuitolea mfano ni Yale Young Global Scholars. Wiki mbili, na ada katika miaka ya karibuni imefika takribani dola 7,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 15, kabla ya ndege na viza. Mzazi asiuze shamba la michikichi kwa ajili hiyo. Wanatoa msaada wa ada kwa kuangalia kipato cha familia, hata wote, na ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe. Jaza fomu ya msaada siku ile ile unayojaza maombi, andika kipato halisi bila aibu. Msaada usipotosha, kataa kwa adabu na mtoto aendelee na mradi wake. Wiki mbili za Yale hazimfungulii mtu udahili wa Yale.

Kwa fedha ndogo, kozi fupi ya umeme au kompyuta VETA inampa kijana mikono inayojua kazi, nami ningeilipia kabla ya kambi yoyote ya mtandaoni. Na anayekutaka utume "ada ya kuhifadhi nafasi" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ni tapeli. Kata simu.

Nyaraka zianze mapema, maana maombi mengi ya Julai hufungwa kati ya Novemba na Februari. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kwanza. Hakikisha jina la cheti, la shuleni na la mtihani vinafanana herufi kwa herufi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa kuwa mkoa wetu uko mpakani, kusanya pia vyeti na vitambulisho vya wazazi wote wawili kabla ya kwenda Uhamiaji. Hata programu isipopatikana, pasipoti hudumu miaka 10.

Barua ya mwalimu iombwe mwezi mmodi kabla, na mtoto ampelekee daftari la mradi. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hawezi kukumbuka kila mmoja, lakini akiona kurasa za vipimo vya dagaa zenye tarehe na madoa ya maji ya ziwa, ataandika barua yenye mambo. Insha aiandike mtoto mwenyewe kwa Kiingereza chake, mwalimu wa Kiingereza asahihishe sarufi tu.