f/2.8 mbili, mwanga mbalimbali: namna ya kupima lenzi zako

Kamera mbili ziko ukumbini pale mtaa wa Mwanga, Kigoma. Zote zimewekwa f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/50 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), ISO 1600 (wepesi wa kamera kwa mwanga), na zinamtazama bibi harusi mmoja. Ukianza kuhariri, moja imemtoa anang'aa, nyingine imemtoa amefifia. Wengi huilaumu kamera, lakini mara nyingi tofauti inatoka kwenye lenzi, na huwezi kuiona kwa kusoma namba iliyoandikwa mbele yake.

Namba ya f ni hesabu ya umbo tu: urefu wa fokasi (zile milimita zinazoandikwa kwenye lenzi) unagawanywa kwa kipenyo cha tundu, kama tundu linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ni f/2, vioo vyake viwe safi au viwe vimeota ukungu. Mwanga unaopotea njiani haumo katika hesabu hiyo. Na unapotea kweli, kwa sababu kila unapoingia kwenye kioo au kutoka, sehemu yake hurudi ulikotoka. Kioo kisicho na upako (utando mwembamba wa kuzuia mwanga kurudi) hurudisha takriban asilimia 4 kwa kila uso. Chukua zumu (lenzi inayobadilisha urefu wa fokasi) yenye nyuso 30: bila upako ingepitisha chini ya theluthi moja ya mwanga. Upako mzuri wa siku hizi hushusha hasara hadi chini ya nusu asilimia kwa uso, lakini hata kwa nusu asilimia nyuso hizo 30 zinabakiza kama asilimia 86, na hapo bado kioo chenyewe hakijanyonya sehemu yake.

Ndiyo maana lenzi za sinema huandikwa namba ya T. T ni namba ya f ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha sehemu ya mwanga inayopita. Lenzi ya f/2.8 inayopitisha asilimia 72: kipeuo cha 0.72 ni 0.85, na 2.8 ÷ 0.85 ni 3.3. Hiyo ni T3.3, karibu nusu stopu imepotea (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili). Mfano uliokithiri ni Sony FE 100mm f/2.8 STF. Ndani yake kuna kioo kinachozidi giza kuelekea pembeni ili kulainisha mandhari ya nyuma, na mtengenezaji mwenyewe anaitaja kuwa T5.6, yaani stopu mbili nzima.

Ukipiga picha kwa otomatiki hutaona tatizo, maana kamera hupima mwanga ukiwa umeshapita kwenye lenzi. Linajitokeza ukiweka kila kitu kwa mkono, ukitumia kipima mwanga cha mkononi, au ukiunganisha kamera mbili.

Kupima kunahitaji kamera moja, stendi, na ukuta mweupe ulio kivulini. Mwezi Juni hadi Agosti jua la Kigoma linapita kaskazini, kwa hiyo ukuta unaoelekea kusini hauguswi na jua kutwa nzima. Desemba na Januari tumia ule unaoelekea kaskazini. Pima kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana. Kigoma iko magharibi mno kwa saa tunazotumia, hivyo jua hufika juu kabisa karibu saa saba, na hapo ndipo mwanga unapobadilika polepole zaidi. Siku ya mawingu yanayotembea, acha. Usipime chini ya taa za umeme: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na vipimo vitakudanganya.

Toa filta zote. Fokasi iwe ya mkono, kwenye alama ya mbali kabisa. Ukuta ukitoka ukungu ndiyo vizuri. Rangi iwekwe kwenye alama ya jua, isiwe otomatiki. Weka ISO 100 na f/4, kisha tafuta kasi ya shata inayouweka katikati mlima wa histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera). Tuseme ni 1/250. Hiyo ni lenzi A. Funga lenzi B kwenye kamera ileile, f/4 ileile, upige 1/250, 1/200, 1/160 na 1/125. Kisha rudisha A upige tena 1/250. Picha mbili za A zisipolingana, mwanga umebadilika, anza upya. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa kipimo kizima.

Linganisha katikati ya picha tu, kwa sababu pembe za lenzi nyingi huwa na giza zaidi. B ikilingana na A kwenye 1/200, iko nyuma theluthi ya stopu, yaani inapitisha asilimia 79 ya mwanga wa A. Kwenye 1/160 ni theluthi mbili, asilimia 63. Kwenye 1/125 ni stopu nzima, nusu ya mwanga. Rudia kwa tundu unalolitumia ukumbini, kwa sababu majani ya tundu (vile vipande vinavyolifungua na kulifunga) nayo hukosea kidogo, na kwa zumu rudia katika kila urefu unaoutumia.

Sahihisha kwa ISO. Ukifungua tundu, kina cha sehemu kali (eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana wazi bila ukungu) kinabadilika, kwa kuwa chenyewe kinafuata f na si T. Ukigusa shata, taa za ukumbi zinaweza kuanza kuleta mistari kwenye picha. Theluthi moja: 1600 iwe 2000. Theluthi mbili: 2500. Kama kamera ni za aina tofauti, pima kila kamera ikiwa na lenzi yake, kwani ISO 1600 ya moja si lazima iwe sawa na ya nyingine.

Andika tofauti kwenye plasta, ubandike kwenye mfuniko wa lenzi. Filta ya bei rahisi isiyo na upako itakula takriban asilimia 8 nyingine, polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) stopu moja hadi mbili. Na pete ukiipiga kwa makro (lenzi ya vitu vidogo kwa karibu) kwa ukubwa wake halisi, f/2.8 inafanya kazi karibu kama f/5.6, kwa hiyo ongeza stopu mbili kabla hujabonyeza.