Kabla hujaipiga msasa bunduki ya babu

Ichukulie kuwa imejaa mpaka ithibitike vinginevyo. Gobori lililokaa darini miongo mingi linaweza kuwa bado lina shehena yake, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haiozi. Kulipima ni rahisi: elekeza mdomo pasipo na mtu, uso wako ukiwa pembeni, uteremshe kijiti cha mbao polepole hadi kigote. Tia alama kinapotokea mdomoni, kisha kitoe na ukilaze ubavuni mwa mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ikiishia vidole vitatu kabla ya tundu la kuwashia, ndani kuna kitu. Usikichokoe, mwite fundi wa silaha. Bunduki ya kukunja iliyoganda kwa kutu nayo usiilazimishe kufunguka.

Karatasi zitangulie ufundi. Katika nchi nyingi kibali ni cha mtu, si cha bunduki, kwa hiyo cha marehemu hakikulindi hata ukiibeba kwenda kwa fundi tu. Waulize polisi kabla ya kuitoa nyumbani.

Halafu amua: itapigwa, au itatundikwa? Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana bunduki iliyong'arishwa hudanganya macho. Mitutu mingi ya zamani ilifuliwa kwa vipande vya chuma na pua vilivyosokotwa pamoja, ikakusudiwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za leo, ilibuniwa Ufaransa mwaka 1884, na mitutu hiyo haikufuliwa kwa ajili yake. Tena risasi ya marisau ya milimita 70 huingia bila shida kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ya milimita 65, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka mahali pasipo na nafasi, na shinikizo linapanda. Mihuri iliyogongwa chini ya mtutu ndiyo itakayomwambia fundi ilijaribiwa kwa baruti ya aina gani. Bila neno lake, mimi ningeitundika.

Piga picha kila upande kabla ya kufungua chochote. Chora umbo la mtambo kwenye boksi, uchomeke kila skrubu mahali pake, kwani za zamani zilitengenezwa moja moja na hazibadilishani matundu. Bisibisi isiyojaa mfereji itakuachia vichwa vilivyochubuka, na hilo halifichiki.

Kutu nyekundu inakula chuma. Ule weusi au ukahawia uliotulia mara nyingi ni rangi ya asili na ni kinga. Loweka nyekundu kwa mafuta mepesi siku kadhaa, usugue taratibu kwa nyuzi laini za shaba. Msasa ukipita juu ya nakshi na mihuri, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwenye mbao, bonyeo huinuka kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto kwa sababu nyuzi zimelala tu, ila kovu lililokatwa haliinuki. Matambara ya mafuta ya kitani usiyarundike: hujipasha yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke maji.

Kaa pia na atakayerithi, mkubaliane kipi kisiguswe. Kama babu aliufunga ufa wa kitako kwa waya wa shaba, ningepenyeza gundi nyepesi ndani ya ufa na waya ningeuacha pale pale alipoukaza.