Jinsi ya kuajiri na kufunza vijana wa jamii asilia kwenye kampuni kubwa ya umeme: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Olkaria

Huu mwongozo ni wa watu wa HR, maafisa wa uhusiano na jamii na masupavaiza wa kampuni za umeme, mvuke na maji ambazo mitambo yao imekaa kwenye ardhi ya wafugaji ama wawindaji. Nimefanya hii kazi ya kuajiri na kufunza upande wa Bonde la Ufa, na mfano nitakaorudia ni Olkaria, mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini kule Naivasha, Kenya, kwa sababu una historia ndefu na wengi wanaujua. Mtambo wa kwanza pale ulianza 1981 na megawati 15 tu, halafu 2014 ikafunguliwa Olkaria IV ya megawati 140, na mwaka huo huo familia za Wamaasai zikahamishiwa makao mapya ya RAPland, malalamiko yakafika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikabidi pande zote zikae chini zipatanishwe. Kwa hivyo ukienda kijiji chochote cha karibu na mabomba ya mvuke kusema "tumeleta kazi", jua watu wanakusikiliza wakiwa na kumbukumbu.

Nikuambie kipimo changu mapema. Usiniambie ni vibarua wangapi wenyeji walibeba mawe wakati wa ujenzi, niambie miaka 5 baada ya kontrakta kufunga virago ni nani amekaa shifti ya usiku kwenye chumba cha kudhibiti mitambo, na kama hakuna hata mmoja aliyezaliwa karibu na hiyo mitambo basi hamjaajiri jamii, mlikodisha mikono yao tu.

Hatua ya 1: Anza na kazi za kudumu, halafu rudi nyuma

Wengi wanaanza na majina ya vijana. Anza na mtambo. Keti na meneja wa uendeshaji muandike kazi zote zitakazohitajika miaka 10 ijayo: waendeshaji mitambo, mafundi wa mekanika, wa umeme, wa vipimo na vali, wachomeleaji, timu ya rigi, watu wa maabara wanaopima kemia ya mvuke, madereva, stoo. Weka na wanaostaafu, na mwaka gani. Sasa kila kazi uliza swali moja gumu: hii kazi inahitaji cheti gani KWELI, na ni gani tuliongeza tu kwa mazoea? Utashangaa kazi ngapi zinadai diploma na huyo anayezifanya vizuri leo aliingia na cheti cha ufundi.

Ukishajua kwamba mwendeshaji mtambo anachukua karibu miaka mitatu minne kuiva, unajua pia darasa lake linatakiwa kuanza lini, na mara nyingi jibu ni kwamba lilitakiwa kuanza juzi.

Kule Kanada walijifunza hii kwa njia ndefu. Mkataba wa James Bay kati ya Wacree (jamii asilia ya kule), kampuni ya umeme ya Hydro-Québec na serikali ulitiwa sahihi 1975, lakini ahadi ya ajira 150 za kudumu kwa Wacree ndani ya Hydro-Québec ilikuja kwenye mkataba mwingine wa 1986, yaani miaka 11 baadaye. Ninachopenda hapo ni kwamba idadi iliandikwa na neno "kudumu" liliandikwa. Ahadi ya "tutawapa wenyeji kipaumbele" haina meno kabisa, mtu yeyote anaweza kusema ameitimiza.

Hatua ya 2: Jua sheria ili usitishwe

Fupi tu hapa. Kuna bosi atakuambia "tukipendelea wenyeji tutapelekwa kotini". Mfungulie Katiba ya Kenya ya 2010: kifungu cha 27(6) kinazungumzia hatua za kurekebisha ubaguzi wa zamani, cha 56 kinataka makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalum za elimu na ajira, na cha 260 kinataja wazi jamii asilia za wawindaji na wafugaji, wanaohamahama na waliotulia. Kwa mashirika ya umma ongeza ile sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inayosema kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kufikia mwezi, au kazi yenyewe ikiwa si ya kuisha kwa miezi mitatu, hesabu yake inabadilika na anapata haki za mfanyakazi wa mwezi. Hii ya mwisho ibandike ukutani ofisini, maana vijana wa vijijini wanazungushwa hapo kila siku.

Hatua ya 3: Ongea na jamii kabla ya tangazo, na usiongee na mtu mmoja

Hapa ndipo mambo huharibika. Kampuni inampigia chifu ama MCA (mwakilishi wa wadi), inamwambia "tuletee vijana 20", na kesho yake nafasi zinauzwa. Mzazi anauza mbuzi ama hata ng'ombe ili mtoto wake aandikwe. Nimeona hii na inauma, kwa sababu kijana anaingia kazini akiwa na deni na akiamini kampuni ndio ilikula hizo pesa.

Dawa yake ni kuwa na njia nyingi kwa wakati mmoja. Itisha baraza, lakini pia kutana na wazee wenyewe, akina mama peke yao (mbele ya wazee wengi hawatasema kitu), vijana wa rika linalohusika, kanisa na walimu wa shule. Tangaza kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwenye redio na siku ya soko. Sema wazi mbele ya watu wote kwamba nafasi haziuzwi, taja idadi yake, taja tarehe majina yatasomwa, na hayo majina yasomwe hadharani pamoja na alama za kila mtu. Ukisoma na alama, maneno ya chini chini hupungua sana.

Halafu usiahidi usichonacho. Kama nafasi ni 12, sema 12, hata wakikasirika. Mzee mmoja alishaniambia hasira ya leo inaisha na chai ila ya kudanganywa inarithiwa na watoto, na sijapata kuona akikosea.

Hatua ya 4: Punguza vizingiti vya fomu, usipunguze viwango vya kazi

Haya ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Hakuna anayetaka mwendeshaji mtambo asiyejua kusoma geji. Lakini kijana wa kijiji hukwama kabla hata hajafika kwenye geji: maombi ni ya mtandaoni tu, jina kwenye kitambulisho halifanani na la cheti cha shule, anadaiwa cheti cha polisi cha tabia njema, karatasi za KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu), na kila moja ni nauli na ada kabla hajaitwa hata intaviu. Fanya hivi: peleka meza, laptopu na mtu wa kusaidia kujaza fomu hadi kijijini kwa siku kadhaa, karatasi za gharama ziulizwe kwa aliyeshapita peke yake, na tofauti za majina zishughulikiwe kwa kiapo badala ya kumtupa mtu nje.

Kwa ufundi tumia mitihani ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Gredi ya 3 ndio ya kuanzia na mtu anaweza kuifanya kwa ujuzi wa mikono hata kama hakumaliza sekondari, halafu anapanda gredi ya 2 na ya 1. Kijana ambaye amechomelea mageti sokoni miaka mitano ana kitu mkononi, mpe chuma achomelee umuone.

Wasichana wahesabiwe mapema. Usiposema idadi yao toka mwanzo, mwisho utaambiwa "hawakujitokeza", na hawakujitokeza kwa sababu baraza lilikuwa saa ya kuchota maji na usafiri wa shifti haukuzungumziwa.

Hatua ya 5: Kozi ya maandalizi, na iwe ya kulipwa

Kabla ya ufundi wenyewe weka miezi mitatu minne ya hesabu, Kiingereza cha kazini, kompyuta na usalama. Lipa posho, nauli na chakula. Watu wa bajeti hushtuka hapa lakini hebu fikiria, huyo kijana alikuwa anachunga, akija darasani lazima nyumbani watafute wa kuchunga na wamlipe, sasa usipompa posho unamfunza anayejiweza na kumwacha uliyesema unamtafuta.

Usalama ufundishwe kwa lugha mtu anayoota nayo. Mfano wa Olkaria ni gesi ya salfa, ile H2S yenye harufu ya mayai mabovu. Watu waliokulia pale wameizoea harufu toka utotoni, kwa hivyo kumwambia "ukisikia harufu kimbia" hakumsaidii, atakuambia amekaa nayo maisha yake yote. Anachohitaji kuelewa ni kwamba gesi ikizidi sana, karibu na kipimo cha 100 ppm (sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa), pua inaacha kuisikia, na kwamba ni nzito kuliko hewa kwa hivyo inajikusanya chini, kwenye lile shimo la zege linalozunguka kichwa cha kisima. Yaani harufu ikipotea ghafla ndio hatari imefika. Mweleze kwa Kimaa, mpe kifaa cha kupima akishike, amweleze mwenzake mbele yako kwa maneno yake mwenyewe, ndio ujue ameelewa. Karatasi iliyotiwa sahihi haikuambii chochote.

Hatua ya 6: Wawekwe wawili wawili, na mlezi alipwe

Kijana mmoja Mmaasai kwenye shifti ya watu 15 wasiomjua ataondoka, na wataandika "hakuwa na nidhamu". Weka angalau wawili kwenye shifti moja. Kila mmoja awe na fundi mzoefu anayemlea, na huyo fundi apate kitu kidogo kwenye mshahara kwa sababu kufundisha ni kazi, na wapo wanaoficha ujuzi wakiogopa kubadilishwa. Waambie mapema nafasi zao haziguswi, na iwe kweli.

Hatua ya 7: Kambi, ratiba na heshima

Toa ratiba ya shifti miezi mbele ili mtu apange likizo na mambo ya nyumbani. Eunoto, sherehe ya morani kuingia utu uzima, haiji kila mwaka, na UNESCO wenyewe waliiweka 2018 pamoja na Enkipaata na Olng'esherr kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukimnyima kijana ruhusa ya Eunoto atachagua Eunoto, na mimi ningemuelewa. Ukame nao ni hivyo hivyo, mifugo ikianza kufa weka utaratibu wa likizo bila malipo badala ya kufukuza.

Kuhusu majina ya dharau na utani wa kikabila, usilete mchezo. Kule Manitoba, Kanada, ripoti ya tume ya mazingira iliyotolewa 2018 ilibeba simulizi za ubaguzi wa rangi na unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu wa asili karibu na kambi za ujenzi wa mabwawa tangu miaka ya 1960. Miaka hamsini na watu hawajasahau. Kwa hivyo kuwe na njia ya kulalamika isiyopitia kwa supavaiza, na kuwe na mwanamke wa kupokea malalamiko ya wanawake.

Hatua ya 8: Mfunge kontrakta kwenye tenda

Idadi ya wanagenzi wenyeji, masaa ya mafunzo na vyeti vya NITA viandikwe kwenye mkataba na viambatane na malipo. Asipofikisha, sehemu ya pesa inabaki. Bila hivyo atakuja na watu wake wote kwenye basi na wenyeji atawapa kazi ya kuongoza magari na bendera.

Hatua ya 9: Hesabu zinazosema ukweli

Kila mwaka rudi kwenye lile baraza na hesabu hizi: walioanza mafunzo, waliomaliza, walio na mkataba wa kudumu, waliopanda gredi, wanawake wangapi, walioondoka na sababu zao kwa maneno yao. Tenganisha kabisa vibarua na wa kudumu, usiwachanganye kwenye jumla moja hata meneja akikuomba ili ripoti ipendeze. Acha nakala kwa wazee, kwa kikundi cha akina mama na shuleni, na mtu wa kujibu maswali awe mmoja wa wale vijana waliokwisha kuajiriwa, akiwa na muda wa kutosha na bila bosi wake kukaa pembeni.